Figo Linaloshuka Mama Akisimama: Lishonwe au Liachwe?

MAMA WA BURAT: Nimechoka kuambiwa sina ugonjwa. Nikilala maumivu huisha. Nikiamka na kusimama nusu saa, ubavu wa kulia huanza kuvuta, kisha kichefuchefu, kisha hata ndoo ya maji siwezi kuinua. Nimelazwa chini ya mashine ya altrasaundi zaidi ya mara moja, na kila mara karatasi inasema mafigo ni mazima. Nimepewa dawa za maumivu, dawa za mkojo, hata dawa za minyoo. Sasa nimesikia kuna upasuaji wa matundu madogo unaorudisha figo mahali pake. Nautaka. Kwa nini liwe jambo la kujadiliwa?

OFISA WA AFYA WA KAUNTI: Pole sana, mama. Linajadiliwa kwa sababu ni nadra ugonjwa huo kuhitaji kisu, na kisu chenyewe si cha kila siku. Wengi ambao figo hushuka wakisimama hawaumwi kamwe, wanazeeka bila kujua. Tena hapa Burat, Isiolo, mtu akija na maumivu ya mgongo na ubavu, mimi nafikiria kwanza brusela, maana maziwa mabichi yananywewa sana, ya ng'ombe, ya mbuzi na ya ngamia. Halafu maambukizi ya njia ya mkojo. Halafu mawe ya figo, kwa joto hili na maji haya ya kubahatisha. Halafu kifua kikuu cha uti wa mgongo. Halafu misuli iliyochoshwa na mizigo. Figo linaloshuka liko mwisho kabisa wa orodha hiyo.

MHUDUMU WA AFYA YA JAMII: Orodha yako naijua, bwana ofisa. Ndiyo ninayotembea nayo nyumba kwa nyumba kule LMD na hadi Leparua. Lakini mama huyu ameimaliza yote. Brusela hana. Mkojo ni safi. Mawe hayakuonekana. Picha ya mgongo haina neno. Mtu akishafika mwisho wa orodha mnamfanya nini? Ninavyoona mimi, mnamrudisha mwanzo.

DAKTARI WA UPASUAJI WA NJIA YA MKOJO: Na huko mwisho wa orodha ndiko kazi yangu inakoanzia. Figo halikupigiliwa msumari mwilini. Limezungukwa na mafuta na utando, na mtu akivuta pumzi hushuka sentimita chache, akitoa pumzi likapanda. Hilo ni la kawaida. Tunahesabu kwamba limeshuka kupita kiasi pale mtu anapotoka kulala akasimama, nalo likateremka zaidi ya sentimita 5, au urefu wa pingili mbili za uti wa mgongo. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, wembamba zaidi ya wanene, na upande wa kulia zaidi ya wa kushoto. Likishateremka hubaki limening'inia kwenye mishipa yake ya damu kama ndama aliyefungwa kamba ndefu. Mishipa inavutika, damu inapungua. Mrija unaopeleka mkojo kwenye kibofu unajikunja. Mkojo ukikwama ghafla, maumivu huwa makali mno, mtu anatapika, moyo unakwenda mbio, na pengine damu ikaonekana kwenye mkojo. Józef Dietl, daktari wa Krakow, aliyaeleza mashambulizi hayo mwaka 1864, na hadi leo tunayaita kwa jina lake. Sasa, mama, unapolala kitandani ili upimwe, figo lako linafanya nini? Linarudi mahali pake. Karatasi zile hazikudanganya. Zilikupima saa ambayo huumwi.

MAMA: Basi mbona hakuna aliyeniambia nisimame?

DAKTARI: Mazoea. Altrasaundi ya tumbo hupigwa mtu akiwa amelala, ndivyo tulivyofundishwa. Kumsimamisha ni dakika chache za ziada na hakuhitaji mashine nyingine. Kinachohitajika ni mtu wa kuuliza swali moja kabla ya kushika kifaa: unaumwa ukiwa katika hali gani?

OFISA: Hilo la kusimama silipingi. Napinga haraka inayolifuata. Tuseme amesimama, picha ikaonyesha figo limeteremka sentimita 7. Hilo linathibitisha kwamba limeteremka. Halithibitishi kwamba maumivu yanatoka hapo, maana nimeshasema wako wengi walio hivyo na hawaumwi. Na fani yako, daktari, ilishapita njia hii ikaumiza watu. Mwaka 1881, Berlin, Eugen Hahn alilifunga figo linalotembea kwa nyuzi. Wapasuaji wa Ulaya na Marekani wakaipenda kazi hiyo kupita kiasi. Zikabuniwa njia zaidi ya 100 za kulifunga figo, na katika miongo iliyofuata kila mwanamke mwembamba aliyelalamika tumbo, mgongo, uchovu, au hata huzuni, aliweza kujikuta mezani akipasuliwa ubavuni. Wakati ule kupasuliwa ubavu kulikuwa hatari hasa: kidonda kirefu, usaha, kulala majuma mengi. Wengi waliamka na maumivu yaleyale waliyoingia nayo. Mwishowe madaktari wenyewe waliona aibu, upasuaji ukaachwa, na kwa miaka mingi mtu akitaja figo lililoshuka alionekana hajui kazi yake. Leo mnaurudisha kwa jina jipya na matundu madogo. Udogo wa tundu unapunguza kidonda. Haubadilishi sababu ya kulitoboa.

DAKTARI: Historia hiyo ni ya kweli na naifundisha. Lakini itazame yote. Kosa la kwanza lilikuwa kumpasua kila aliyelalamika. La pili lilikuja baadaye, nalo ni kutomwamini yeyote aliyelalamika. Mama huyu analipia kosa la pili. Ndiyo maana leo hatuchukui kisu kwa sababu ya kushuka peke yake. Tunataka vitu viwili vionekane pamoja. Kwanza, figo literemke akisimama. Pili, kazi yake ipungue palepale: altrasaundi ya Dopla ionyeshe damu inayoingia imepungua, au picha ya dawa ya rangi ionyeshe mkojo umekwama, au ile picha ya nyuklia, ambayo ni ya Nairobi, ionyeshe upande huo umedhoofika akiwa wima na kupata nguvu tena akilala. Pasipo hilo la pili, mimi sipasui.

MHUDUMU: Na mtu akiwa anaumwa kweli, lakini hilo la pili lisionekane siku hiyo?

DAKTARI: Hapo sina jibu zuri. Nitamwambia kwamba naamini anaumwa, na kwamba sina ushahidi wa kunipa haki ya kumtoboa. Najua si maneno matamu kuyasikia.

MAMA: Nieleze hicho kisu chenyewe. Nisije nikawa napigania kitu nisichokijua.

DAKTARI: Utapewa nusu kaputi, ulale usingizi kamili. Tunakulaza upande mmoja, ubavu unaouma ukiwa juu. Tunatoboa matundu matatu au manne, kila moja kati ya milimita 5 na 12. Tunaingiza gesi ya kaboni dioksidi ili tumbo liinuke na tupate nafasi. Tundu moja linapitisha kamera, mengine yanapitisha vyombo virefu vyembamba, nasi tunatazama kwenye skrini. Tunafungua utando, tunalitenga figo na mafuta yake hadi upande wa nyuma uonekane, tunalipandisha mahali pake, kisha tunalishona kwenye utando wa msuli wa nyuma kwa nyuzi chache. Wako wanaotumia utepe badala ya nyuzi. Baada ya hapo lile kovu linaloota ndilo litakalolishika kwa miaka. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi hurudi nyumbani baada ya siku chache. Ralph Clayman na wenzake walitoa figo kwa njia ya matundu kwa mara ya kwanza mwaka 1990 kule St. Louis, Marekani, na mwaka 1993 ikaandikwa habari ya kwanza ya kulishona figo lililoshuka kwa njia hiyo. Kwa hiyo si majaribio ya juzi.

OFISA: Umesahau kumwambia hatari.

DAKTARI: Sikusahau, ndio nafika. Figo linaweza kutoka damu, kwa kuwa sindano inapita kwenye ganda lake. Kuna mishipa ya fahamu inayopita juu ya msuli uleule tunaoshonea, na uzi ukiudaka mmoja, paja litakufa ganzi au litauma, pengine kwa miezi. Utumbo uko jirani. Kuna nyakati tunalazimika kuacha matundu na kufungua ubavu kwa njia ya zamani. Tena figo linaweza kushikwa vizuri kabisa, na maumivu yakabaki.

MAMA: Hilo la mwisho ndilo linalonitisha.

OFISA: Na ndilo linalonitisha mimi pia, mama. Tafiti nyingi za upasuaji huu ni za wagonjwa wachache, hospitali moja moja, zikisimuliwa na wapasuaji wenyewe. Karibu zote zinasema wagonjwa walipata nafuu. Lakini kundi la kulinganisha nao, la wanawake waliofungwa mkanda na kulishwa vizuri kwa muda uleule, hulikuti.

MWANDISHI: Naingia kwa neno moja, kwa sababu naona mkanda umetajwa na kupitwa. Kabla ya upasuaji kuna tiba ya zamani isiyo na kisu: mkanda mpana wa tumbo, mazoezi ya kuimarisha misuli ya tumbo, kuongeza uzito ili mafuta yanayolishika figo yarudi, kuacha mizigo mizito, na kulala kidogo maumivu yanapoanza. Sioni haki ya kuzungumzia sindano na nyuzi kabla ya hiyo kujaribiwa kikweli.

MAMA: Nimejaribu. Nafunga leso chini ya mbavu, nakaza hadi napumua kwa shida. Inasaidia kidogo asubuhi, kufikia saa tano haina kazi tena.

DAKTARI: Unaifunga ukiwa umesimama au umelala?

MAMA: Nimesimama. Nani anafunga leso akiwa amelala?

DAKTARI: Basi unalifungia figo kule chini lilikokwisha kushuka. Unalizuia kupanda. Mkanda wa ugonjwa huu hufungwa kabla ya kutoka kitandani: unalala chali, miguu umeikunja, unafunga kuanzia chini karibu na nyonga ukipanda juu, ndipo unaamka. Ukilegea mchana, unalala tena, unafunga upya.

OFISA: Unaona? Vipimo vyote hivyo, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kufunga leso. Naomba miezi 3 ya mkanda uliofungwa sawasawa kabla mtu hajataja upasuaji wa Nairobi.

MHUDUMU: Miezi 3 ya kulala mchana, bwana ofisa? Huyu mama analima vitunguu kwenye shamba la kumwagilia. Maji yana zamu, na zamu ikipita imepita. Anachota ya nyumbani kwa mtungi wa lita 20, hizo ni kilo 20 mgongoni, mara ngapi kwa siku sijui. Unamwambia aache mizigo mizito. Ampe nani? Unamwambia aongeze uzito. Kwa chakula kipi? Mwaka 2020 hadi 2023 mvua ilikataa misimu 5 mfululizo, watu hapa wakapoteza mifugo na miili yao pia. Mimi niliwapima kwa utepe wa mkono. Sisemi ukame ndio ulioshusha figo lake, sina ushahidi. Nasema mnampa tiba inayomtaka awe na nyumba nyingine na maisha mengine. Mkisema upasuaji ni ghali, pigeni hesabu ya mkanda huo pia, na vibarua wa kulima mahali pake.

OFISA: Dada, hoja hiyo inakurudia wewe. Baada ya upasuaji anakatazwa mizigo kwa majuma kadhaa ili kovu lishike. Akitoka hospitali akarudi kwenye mtungi uleule siku ya kumi, nyuzi zitafanya nini?

DAKTARI: Zinaweza kukatika, au zikachana ganda la figo. Ofisa hapo amesema kweli. Sipendi kumfanyia mtu ambaye nyumbani hakuna wa kumchotea maji kwa muda huo.

MHUDUMU: Basi iandikeni kama sehemu ya tiba! Mnaandika dawa, mnaandika picha, mnaandika kitanda. Andikeni na punda wa kubeba maji. Andikeni na msichana wa kusaidia kazi kwa wiki 6. Kikundi chetu cha akina mama kinaweza kuchota kwa zamu, tumekwisha kufanya hivyo kwa waliojifungua kwa upasuaji. Lakini hakuna anayetuuliza kabla, tunaletewa mgonjwa na karatasi iliyoandikwa apumzike.

OFISA: Nakubali tuliandike. Tuje kwenye fedha, kwa kuwa hapo ndipo nitakapoulizwa mimi, sio nyinyi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kwenye bima ya afya ya taifa ni SHA iliyochukua nafasi ya NHIF. Asiye na mshahara anakadiriwa kipato, anatozwa asilimia 2.75 na isiwe chini ya shilingi 300 kwa mwezi, tena anatakiwa alipe ya mwaka kwa pamoja. Mama, umelipa?

MAMA: Sijamaliza. Nililipia watoto karo kwanza.

OFISA: Kwa hiyo kadi yake haifanyi kazi, na hata ingefanya, kuna nauli ya karibu kilomita 280 kwenda Nairobi, mtu wa kumsindikiza, mahali pa kulala, na kurudi kuangaliwa. Wako wanaosema tulete mitambo ya matundu hapa Isiolo ili kuepuka safari. Nimeona mitambo ikiletwa. Mwaka 2015 serikali ya taifa ilianza mpango wa kukodisha vifaa kwa ajili ya hospitali za kaunti. Baadaye Seneti ikaunda kamati ya kuchunguza, na ikasikika habari ya mashine zilizokaa kwenye makasha kwa kukosa mtaalamu, umeme au maji. Kamera ya upasuaji bila gesi, bila muuguzi aliyefunzwa kuiosha, bila daktari wa usingizi na bila fundi ni kabati tu.

DAKTARI: Lakini mitambo hiyo si ya figo pekee. Inatoa kifuko cha nyongo, inatoa kidole tumbo, inaokoa mwanamke mwenye mimba iliyotunga nje ya kizazi, inaondoa uvimbe wa ovari. Ukiihesabu kwa figo lililoshuka utaona hasara. Ihesabu kwa wanawake wote wa Isiolo wanaofunguliwa tumbo kwa mkato mrefu, halafu wanarudi kwenye mitungi mnayoitaja. Kuhusu figo lenyewe nakubaliana nawe: upasuaji wa nadra ufanywe mahali wanapoufanya mara kwa mara. Mimi mwenyewe nisingetaka nishonwe na mtu anayeushika kwa mara ya kwanza.

OFISA: Kwa hiyo hutaki ufanywe hapa.

DAKTARI: Huu, hapana. Kipimo ndicho ninachotaka kifanywe hapa.

MHUDUMU: Na kipimo kinawezekana. Wazee wa Kiturkana wanaoishi Burat wanakumbuka: miaka ya 1980 watu wa shirika la afya la AMREF walibeba mashine ya altrasaundi hadi Turkana, kwa jenereta, wakawapima wafugaji mmoja mmoja matumbo yao wakitafuta uvimbe wa maji unaoletwa na mnyoo wa mbwa. Kama mashine ilifika huko miaka 40 iliyopita, inashindwaje kumpima mama aliyesimama, hapa karibu na mjini?

DAKTARI: Umenikumbusha jambo ambalo lazima lisemwe. Uvimbe huo huota zaidi kwenye ini, na mara chache kwenye figo. Ukiutoboa bila kujua, maji yake yanamwagika tumboni, mgonjwa anaweza kupatwa na mshtuko hatari, na mbegu zikaota kila mahali. Kwa mtu anayeishi na mbwa na mifugo, kabla sijapitisha chombo chochote nataka ini lake na mafigo yake yote mawili yatazamwe vizuri. Mpasuaji aliyesomea nchi nyingine angeweza asilifikirie hilo.

OFISA: Nanyi mnataka twende haraka!

DAKTARI: Nataka twende. Kuna tofauti. Na ipo njia nyingine ambayo haitajwi sana: unapitisha mpira mwembamba kwenye ngozi ya mgongo hadi ndani ya figo ukiongozwa na altrasaundi, mgonjwa analala kitandani siku kadhaa, kovu la njia ya ule mpira linalishika figo. Haihitaji kamera wala gesi. Ina ubaya wake, mpira unaweza kuleta maambukizi, na kulala huko ni kurefu. Lakini ni nafuu, na nikiambiwa Nairobi haiwezekani kabisa, nitaifikiria.

MAMA: Naomba niseme, kwa kuwa mwili ni wangu. Nilikuja hapa nikitaka kisu. Sasa nimejua leso nilifunga vibaya, na kwamba kisu kinaweza kuniacha na maumivu yaleyale pamoja na ganzi ya paja. Nitafunga nikiwa nimelala, kuanzia kesho. Ila sitaki miezi 3 ya kufunga leso igeuke njia ya kunirudisha nyumbani ninyamaze. Bwana ofisa, leso na kipimo viende pamoja. Nipigwe picha nimesimama, wiki hii, nikiwa naumwa. Nije saa ya mchana baada ya kazi, sio asubuhi nimetoka kulala.

OFISA: Kipimo nakikubali. Upasuaji sijaukubali.

DAKTARI: Hata mimi sijaukubali, mpaka nione.

MHUDUMU: Na mkiona? Figo limeteremka, damu imepungua, leso imeshindwa, SHA haijamalizwa kulipwa. Tunasema nini siku hiyo?

OFISA: Tutakutana tena.

MHUDUMU: Hapana. Tukubaliane leo. Ikithibitika, kaunti itagharimia nauli yake na ya msindikizaji, sisi akina mama tutachota maji na kushika zamu ya shamba. Isipothibitika, hakuna atakayekudai hata shilingi.

OFISA: Siwezi kuahidi fedha ambayo haijapitishwa.

MAMA: Basi andika kwenye faili yangu kwamba nimeomba kupimwa nikiwa nimesimama, na kwamba nimeuliza habari ya nauli. Weka na tarehe.

DAKTARI: Na iandikwe ni ubavu wa kulia, na maumivu huanza muda gani baada ya kusimama. Anayepima asome hayo kabla ya kumwambia apande kitandani.